Msumeno wa Mkanda: Namna ya Kuutega Ukate Sawa

Msumeno wa mkanda ni ukanda mwembamba wa chuma wenye meno upande mmoja, ulioungwa ncha zake mbili ukawa kitanzi, na unaozungushwa na magurudumu mawili, moja juu ya meza na jingine chini yake. Gurudumu la chini huendeshwa na mota. La juu hufuata tu, na kazi yake ni kuukaza ukanda na kuuweka mahali pake. Kwa kuwa meno hukata yakishuka, nguvu yao huikandamiza mbao mezani badala ya kuirusha kwa fundi, jambo ambalo msumeno wa duara unaweza kulifanya kwa ghafla. Mkato wake una upana wa milimita 1 hivi, ilhali msumeno wa duara hula milimita 3 au zaidi. Kwa sababu hizo mashine hii hupendwa kwa kukata mikunjo, kwa kupasua ubao mnene upate vipande vyembamba, na kwa kuchana gogo dogo la mti wa thamani bila kuligeuza nusu yake kuwa unga.

Wazo lake lilitangulia chuma kilichoweza kulibeba. William Newberry wa London alipewa hataza ya msumeno wa aina hii mwaka 1808, lakini kwa miaka mingi mashine yake haikufaa kitu karakanani, maana hakuna aliyeweza kuunga ncha za ukanda kwa kiungo cha kudumu. Mwaka 1846 mwanamke Mfaransa, Anne Paulin Crépin, alipata hataza ya njia bora ya kuunga. Kampuni ya Périn ya Paris ilinunua haki hiyo, ikaichanganya na chuma kizuri zaidi, na ndipo msumeno wa mkanda ukaingia kazini kwa kweli. Ugumu uliowashinda wa mwanzo unaeleweka kwa hesabu fupi. Kwenye mashine ya karakana ndogo, yenye magurudumu ya kipenyo cha milimita 350 yanayozunguka mara 800 kwa dakika, ukanda hukimbia takriban mita 880 kila dakika. Ikiwa urefu wake ni mita 2.34, basi huzunguka mara 376 katika dakika hiyo, na katika kila mzunguko hupindwa mara mbili na kunyooshwa mara mbili. Hiyo ni mipindo zaidi ya 750 kwa dakika, na kiungo hakina mahali pa kujificha.

Mashine ya ukubwa huo ndiyo itakayofuatwa katika maelezo haya. Mpangilio wa kazi ni uleule kwa iliyo kubwa au ndogo zaidi.

Lawama nyingi unazobebeshwa msumeno wa mkanda, kwamba hauendi kwenye mstari, unachonga tumbo ndani ya ubao, au unavunja kanda kila wiki, hutokana na utegaji uliofanywa kinyume cha mpangilio. Ukanda unapokwenda upande, mkono hukimbilia vielekezi, yaani vile vipande vinavyoukaribia ukanda kushoto na kulia juu na chini ya meza, ukavibana ili kuulazimisha ukanda unyooke. Hapo kosa limefichwa tu, na ukanda unaanza kuchemka. Vielekezi havina kazi yoyote wakati mashine inazunguka bila mbao. Vipo ili kuupokea ukanda pale mbao inapousukuma. Sharti la kwanza la utegaji mzuri, basi, ni ukanda utembee sawa peke yake, bila kuguswa na kitu, na kila kingine kiletwe karibu nao baadaye.

Kabla ya yote plagi ichomolewe ukutani. Kuzima swichi hakutoshi, kwa sababu kazi yote inayofuata hufanywa vidole vikiwa kando ya meno.

Uchaguzi wa ukanda hutangulia utegaji. Upana wake huamua mkunjo mkali kuliko yote unaoweza kukatwa: ukanda wa milimita 6 hugeuka kwenye nusu kipenyo cha milimita 16 hivi, wa milimita 10 huhitaji karibu 37, wa milimita 12 huhitaji karibu 65, na wa milimita 19 haugeuki chini ya milimita 137. Kuulazimisha zaidi ya hapo ni kuusokota, na ukanda uliosokotwa haurudi kuwa mnyoofu. Idadi ya meno nayo ina sheria yake. Meno 3 kwa inchi hufaa kupasua ubao mnene, kwa kuwa mabonde makubwa kati ya meno hubeba unga mwingi. Meno 4 hadi 6 ni ya kazi za kila siku, na 10 hadi 14 ni ya mbao nyembamba na mikunjo myororo. Wakati wote meno yasiyopungua matatu yawe ndani ya mbao kwa pamoja, la sivyo jino moja hubeba mzigo peke yake na kung'oa nyuzi.

Unene wa ukanda husahaulika sana, ingawa ndio unaoamua maisha yake. Kanuni ya zamani husema unene usizidi sehemu moja ya elfu ya kipenyo cha gurudumu, yaani milimita 0.35 kwa gurudumu la milimita 350. Kanda nyingi zinazouzwa kwa mashine za ukubwa huu zina unene wa milimita 0.5 au 0.6. Hufanya kazi, ila hulipa kwa kuchoka mapema, na ufa huanzia kwenye bonde la jino. Urefu hupatikana kwa kuzidisha umbali kati ya vitovu vya magurudumu mara mbili, kisha kujumlisha mzingo wa gurudumu moja. Vitovu vikiachana milimita 620, na gurudumu likiwa la 350, jibu ni milimita 2340. Kipimo hicho kichukuliwe gurudumu la juu likiwa katikati ya safari yake ya kupanda na kushuka, ili pabaki nafasi ya kukaza na ya kulegeza.

Kinachofuata ni magurudumu. Ukingo wa kila moja umevishwa tairi la mpira, na kwenye mashine nyingi ndogo tairi hilo lina mgongo, yaani limeinuka kidogo katikati. Mgongo huo ndio unaourudisha ukanda katikati kila unapotaka kutoroka. Unga wa mbao na utomvu vikigandamana juu ya mpira, mgongo hupotea na ukanda hutangatanga. Tairi lisuguliwe kwa brashi ngumu au kwa kipande cha mbao huku gurudumu likizungushwa kwa mkono, na likiwa limepasuka au kukauka libadilishwe. Gurudumu likamatwe pia juu na chini litikiswe: likicheza, beringi zake zimekwisha, na hakuna utegaji wowote utakaosimama juu ya beringi zilizokwisha.

Mafundi hubishana kama magurudumu mawili lazima yawe kwenye bapa moja kamili. Njia ya kupima ni kufunga ukanda, kuukaza kama wakati wa kazi, kisha kuegemeza rula ndefu au ubao ulionyooshwa kwa randa kwenye kingo za magurudumu yote mawili kwa pamoja. Rula ikigusa sehemu nne, juu na chini ya kila gurudumu, mambo ni sawa. Gurudumu moja likiwa nyuma ya jingine kwa milimita kadhaa, washa nyembamba huwekwa nyuma yake kwenye ekseli hadi pengo lizibike. Kupima bila kukaza ni kupoteza muda, kwa kuwa fremu hupinda kidogo inapobeba mkazo. Kwa matairi yenye mgongo, tofauti ya milimita 1 haidhuru mtu, na mashine inayokata vizuri haina haja ya kufunguliwa kwa sababu ya rula tu. Kwa matairi bapa ya mashine kubwa jambo hili lina uzito zaidi.

Wakati wa kuvisha ukanda, vielekezi vyote, vya juu na vya chini, pamoja na beringi za nyuma zinazozuia ukanda usisukumwe, virudishwe mbali kabisa. Hatua hii rahisi ndiyo inayorukwa kuliko zote, na ikirukwa, yote yanayofuata ni ubahatishaji. Meno yatazame mbele kwa fundi na chini kwenye meza. Yakionekana yanatazama juu kila ukanda unapogeuzwa, kitanzi kipinduliwe, ndani iwe nje, kama mkono wa shati.

Ndipo huja mkazo. Watengenezaji wengi wa kanda za chuma cha kaboni hupendekeza mkazo wa nyutoni 100 hadi 140 kwa kila milimita mraba ya chuma, na kanda za madini mawili hustahimili zaidi. Kwa ukanda wa milimita 12 wenye unene wa 0.6, sehemu inayobeba mzigo ni ile iliyo nyuma ya mabonde ya meno, karibu milimita 10, kwa hiyo kila upande wa kitanzi huvutwa kwa nguvu ya nyutoni 600 hivi. Pande ni mbili, na gurudumu la juu hubeba zote: sawa na uzito wa kilo 120 ulioning'inizwa kwenye ekseli yake. Hesabu hii hueleza kwa nini springi ya mashine ndogo hushindwa kuukaza ukanda wa milimita 19 hata kama kiwanda kimeandika kwamba unaingia. Unaingia, lakini springi hujifunga yote kabla ukanda haujakaza, na springi iliyojifunga haiwezi tena kumeza mishtuko. Kwa gurudumu la milimita 350 ukanda wa milimita 12 hufanya kazi nzuri zaidi kuliko mpana uliolegea.

Alama zilizochorwa kando ya springi huwa za kukisia, na springi inapozeeka hudanganya zaidi. Jaribio la kidole ni la kuaminika kiasi: vielekezi vya juu vikiwa vimeinuliwa milimita 150 kutoka mezani, ukanda husukumwa pembeni kwa kidole bila kutumia nguvu nyingi, na usogee milimita 6 hivi. Wenye kipimo kinachosoma sehemu za mia za milimita wanaweza kupata jibu la uhakika, maana chuma huvutika kwa kanuni inayojulikana. Urefu wa milimita 500 ukiongezeka kwa robo ya milimita, mkazo umefika nyutoni 100 kwa milimita mraba. Mkazo mdogo ndio chanzo kikubwa cha tumbo katika ubao unaopasuliwa: ukanda hujikunja ndani ya mbao mahali ambapo jicho halioni, na uso wa ubao hutoka umebinuka ingawa kingo zake zimefuata mstari.

Baada ya kukaza, gurudumu la juu huzungushwa kwa mkono, polepole, huku skrubu iliyo nyuma yake ikiliinamisha mbele au nyuma kidogo kidogo. Ukanda hufuata mwinamo huo. Skrubu isogezwe robo ya mzunguko, gurudumu lizungushwe mara kadhaa, ndipo isogezwe tena, kwa sababu ukanda huchukua muda kuitikia. Ukishatulia, skrubu hufungwa kwa nati yake, milango hufungwa, na mota huwashwa kwa sekunde chache tu kuthibitisha.

Swali la ukanda utulie wapi hasa kwenye gurudumu ndilo kiini cha utegaji, na walimu wawili maarufu wa Amerika Kaskazini hulijibu kwa namna mbili. Michael Fortune, seremala wa samani wa Kanada, hufundisha kwamba katikati ya ukanda ikae katikati ya tairi. Alex Snodgrass wa Marekani hufundisha kwamba kinachopaswa kukaa kwenye kilele cha mgongo ni mabonde ya meno. Kwa ukanda wa milimita 12 tofauti yao ni milimita 3 au 4. Walichokubaliana ni kikubwa kuliko walichotofautiana: mahali pa ukanda juu ya mgongo ndipo panapoamua utatazama upande gani unapoingia kwenye mbao. Ukikaa mbele mno, huinamia upande mmoja wa mgongo na kutazama kando. Ukikaa nyuma mno, hutazama kando ya pili. Kwenye magurudumu bapa ya mashine kubwa hali ni tofauti kabisa. Huko meno huachwa yatokeze nje ya ukingo wa mbele ili yasikandamizwe na kupoteza mpindo wake wa kulia na kushoto.

Meza sasa huletwa ifuate ukanda. Guniya husimamishwa mezani na kugusishwa ubavu wa ukanda, kwenye chuma na si kwenye meno yaliyopindwa, na bolti za chini ya meza hulegezwa hadi mwanga usipite. Guniya nyingi za bei nafuu hazina digrii 90 za kweli, kwa hiyo jaribio la mbao ni bora. Kipande cha mti chenye unene wa kutosha husimamishwa mezani, hukatwa mkato mfupi usoni mwake, kisha mashine ikizimwa huzungushwa na kupelekwa nyuma ya ukanda. Mgongo wa ukanda ukiingia kwenye mkato ule bila kusukumwa, meza iko sawa. Ukikataa, kosa linaloonekana ni mara mbili ya kosa halisi, na ndiyo maana jaribio hili hunasa hata upotofu mdogo sana.

Vielekezi ndivyo vya mwisho. Vile vya pembeni, viwe vipande vya chuma, vya seramiki au beringi ndogo, husogezwa mbele hadi vifike milimita 1 nyuma ya mabonde ya meno. Vikizidi hapo, meno yatavisaga au yatasagwa. Pengo la kila upande ni unene wa karatasi ya kawaida ya kuandikia, milimita 0.1 hivi: karatasi hukunjwa ikauvaa ukanda, vielekezi husogezwa viiguse bila kuusukuma ukanda, hufungwa, na karatasi huvutwa itoke. Kwa kanda nyembamba za milimita 3 hadi 6, ambazo ni rahisi kwa chuma kuzila, vipande vya mti mgumu vilivyolowekwa mafuta ni salama zaidi, na mti mzito kama mpingo hufaa sana kwa kazi hiyo. Beringi ya nyuma huachwa milimita 0.5 kutoka kwenye mgongo wa ukanda. Mashine ikizunguka bila mbao beringi hiyo isimame tuli, na mbao ikiingia ianze kuzunguka. Yaliyofanywa juu ya meza yarudiwe chini yake, ambako wengi hawachungulii kwa kuwa pamejificha na pamejaa unga.

Nguzo inayobeba vielekezi vya juu nayo ina ujanja wake. Ikiwa haikusimama sambamba na ukanda, vielekezi vilivyotegwa nguzo ikiwa chini huugusa ukanda nguzo inapopandishwa. Nguzo ipandishwe na kushushwa yote huku pengo likitazamwa. Likibadilika, ama nguzo inyooshwe kwa skrubu zake, ama vielekezi vitegwe upya kila urefu unapobadilishwa. Wakati wa kukata, nguzo ishushwe ibaki milimita 6 hivi juu ya mbao. Kadiri ukanda ulio wazi unavyokuwa mfupi, ndivyo unavyokuwa thabiti zaidi na ndivyo vidole vinavyokuwa salama zaidi.

Mashine ikishategwa hivyo, hujaribiwa kwenye ubao wa ziada wenye urefu wa milimita 600. Mstari huchorwa sambamba na ukingo, ubao husukumwa kwa mikono bila kuegemezwa popote, na mkato hufuatwa hadi nusu ya urefu. Mashine huzimwa ubao ukiwa umeshikwa palepale. Ukingo wake ukiwa sambamba na ukingo wa meza, ukanda unatazama mbele. Ukiwa umeinama, ukanda unakwenda upande, na kuna njia mbili za kuutendea. Ya kwanza ni kuinamisha fensi, yaani ule ubao wa chuma unaoegemezwa mbao zinazopasuliwa, ifuate pembe hiyo. Ya pili ni kurudi kwenye skrubu ya gurudumu la juu na kuusogeza ukanda kidogo juu ya mgongo. Njia ya pili ni bora, kwa sababu fensi hubaki sambamba na meza na haihitaji kutegwa upya kila ukanda unapobadilishwa. Ukanda ambao meno yake ya upande mmoja yamebutuka, tuseme kwa kugonga msumari, hautatengenezwa na skrubu yoyote. Huo utavuta kuelekea upande wenye meno makali hadi unolewe au uondolewe.

Kipimo cha kuridhika ni kupasua kipande chembamba, milimita 3 hivi, kutoka ubao wenye kimo cha milimita 150, kisha kupima unene wake kwa kalipa kwenye pembe zote nne. Msumeno uliotegwa vyema hutoa unene unaokaribiana sana kila mahali.

Makosa yanayojitokeza baadaye husikika kabla ya kuonekana. Mlio wa tik-tik unaorudi kwa mpigo mmoja ni kiungo kilichoinuka au ufa ulioanza, na mashine izimwe papo hapo. Ukanda unaokwenda mbele na nyuma kwa mpigo uleule umeungwa bila kunyooshwa. Mtetemo usiokoma hutoka kwenye belti ya mota, puli au tairi. Moshi na harufu ya kuungua ni dalili ya meno butu, na hapo mti wenyewe huwa na neno. Mvule hubeba ndani yake mawe ya chokaa, msaji una silika, na ubao wa mnazi hukwaruza chuma vibaya sehemu ya nje ya shina. Karakana inayopasua miti hiyo itabadilisha kanda mara nyingi kuliko inayopasua msonobari, hata kama utegaji ni uleule, na ni afadhali ukanda mpya utunzwe kwa hatua za mwisho za kazi, meno yake yakiwa bado makali.

Kazi ikiisha kwa siku, mkazo ulegezwe kwa mizunguko kadhaa ili springi, beringi na tairi zipumzike, na maandishi yawekwe kwenye swichi kumjulisha atakayeiwasha kesho kwamba ukanda umelegea. Ukanda unaotolewa husafishwa utomvu, hupakwa mafuta mepesi usiingie kutu, hukunjwa kwa kuusokota uwe duara tatu ndogo, na hutundikwa ukutani pamoja na kibandiko cha upana na idadi ya meno yake.